Wakili wa mirathi Dar: nimezunguka miezi sita mpaka nikampata anayeuliza maswali kabla ya hela

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimemnyima kwa makusudi na nitasema kwanini huko mbele.

Naandika hii maana mwaka 2023 nilikuwa nahangaika kutafuta wakili wa mirathi hapa Dar, na kila niliyemuuliza ananiambia "tafuta wakili mzuri". Sawa, mzuri ndo yupi sasa? Mwenye suti? Mwenye ofisi ina kiyoyozi? Hamna aliyenieleza nikikaa mbele yake namtambuaje. Kwahiyo hapa naeleza tulivyotapeliwa kidogo, tulivyopotezewa muda sana, na huyu mama tuliyebaki naye anafanyaje kazi, mazuri yake na yanayoudhi.

Hali yetu kwanza. Mzee alifariki Machi 2023. Mstaafu wa serikali, Mpare wa Gonja, Mlutheri, ndoa ya kanisani, ameishi Tabata tangu mimi sijazaliwa. Hakuacha wosia, kila ukimgusia anakwambia mnataka nife lini. Ameacha mama, sisi watatu, na mdogo wetu mwingine wa miaka 14 ambaye mama yake siyo mama yetu, wengine walimjua siku ya msiba, wengine tulikuwa tunajua ila tumefunga mdomo. Mali ni nyumba ya Tabata yenye hati, kiwanja Kibaha ambacho karatasi yake ni ya mauziano tu ya serikali ya mtaa, akaunti mbili za benki, pikapu ambayo mpaka anafariki ilikuwa imelala kwa fundi, na kipande cha shamba kule Gonja ambacho ukikigusa umegusa ukoo mzima. Siyo utajiri huo, ila unatosha kabisa kugombanisha watu.

Wa kwanza sijui hata kama nimhesabu. Tulielekezwa kwa jamaa anayeshinda kwenye steshenari moja karibu na mahakama, anapiga chapa, anatoa fotokopi, anajiita wakili. Laki tatu na nusu, wiki mbili Fomu namba nne (ile ya Mahakama ya Mwanzo inayokuteua msimamizi wa mirathi) mkononi, mnaenda benki mnachota. Nikamwomba leseni akasema ameisahau nyumbani. Jioni nikaingia kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama nikaandika jina lake, nikabadilisha herufi, nikaanza na la ukoo, hamna kitu. Kishoka. Kwahiyo hilo fanyeni kabla hata ya kupanda bodaboda kwenda kumwona mtu, unatafuta jina, unaona kama yumo na kama leseni yake ya mwaka huu iko hai, maana wakili anahuisha leseni kila mwaka, na kuna mtu kweli alisomea sheria na aliapishwa ila kwa sasa haruhusiwi kufanya kazi.

Wa pili alikuwa wakili halali, huyo nilimhakikisha. Alipatikana kupitia binamu, ofisi mjini, vioo kila mahali, sekretari anakuletea maji ya chupa. Jina simtaji. Tumekaa tu swali lake la kwanza: mali zote kwa pamoja zina thamani gani? Nikajibu sijui hesabu kamili, akasema basi kadiria. Nikakadiria. Akaandika, akasema yeye anachukua asilimia 10. Mama alinigeukia akaniangalia vile anavyoangaliaga nyama iliyopunjwa mzani buchani.

Tungeondoka pale pale. Hatukuondoka kwa sababu tulikuwa tumechoka, na mtu aliyefiwa akikaa kwenye kiti kizuri mbele ya mtu anayeongea kwa kujiamini anakubali vitu vya ajabu. Tukatoa laki tatu ya "kufungua faili". Halafu kuhusu yule mdogo wetu akauliza cheti cha kuzaliwa kina jina la marehemu? Tukasema hatujakiona. Akasema basi huyo kisheria hayupo, msimwandike, na mama yake akija mwambieni akalete ushahidi. Alisema kirahisi hivyo, kama mtu anafuta hesabu ubaoni. Na akasema tutafungua Mahakama ya Mwanzo maana kule ni haraka.

Miezi miwili kimya. Ukipiga yuko Dodoma, ukipiga yuko kwenye kesi, ukienda sekretari anakupa maji. Mwisho nikadai karatasi zetu, zikarudi zote, laki tatu haikurudi. Watu waliniambia nipeleke malalamiko Kamati ya Mawakili, ambayo ndo inashughulikia nidhamu yao, na TLS, chama cha mawakili, nao wanapokea. Sikupeleka. Nilikuwa sina nguvu ya kufungua vita ya pili ya kwanza haijaisha.

Wa tatu ndo huyu ninayempa nyota. Alitajwa na mama mmoja wa jumuiya, rafiki wa mama, mjane pia. Na hakumsifia kwamba ni mzuri. Alisema, "Huyo dada mimi alinikatalia hela yangu." Alikuwa na kijumba kimoja Mbagala na watoto hawana ugomvi, akaenda na bahasha yake, wakili akamwambia mama hii yako usinilipe mimi, nenda kwa watu wa msaada wa kisheria watakusaidia bure, akamwandikia na pa kuanzia. Nikasema huyo ndo namtaka.

Jina lake sitaliweka. Nilimwomba ruhusa akakataa, kasema mawakili hawaruhusiwi kujitangaza kama sabuni na hataki mtu adhani amenituma. Ofisi iko Magomeni, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vipodozi. Hamna lifti. Ofisi yenyewe chumba kimoja na nusu, mafaili mpaka dirishani, feni moja inayoangalia upande wake tu, mteja utajijua.

Sasa siku ya kwanza. Ushauri elfu 50, na risiti ya EFD ikatoka kabla hata hatujakaa vizuri, mjini kule kwenye vioo sikuwahi kuiona. Akamwamkia mama shikamoo, akampa pole, akakaa kimya kidogo. Halafu akaanza kuuliza na penseli mkononi. Baba alifunga ndoa wapi? Cheti cha ndoa mnacho? Aliishi wapi miaka yake ya mwisho? Alikuwa anarudi kwao mara ngapi, na akirudi alikuwa anashiriki mambo ya mila au anaenda tu kusalimia? Kuna wosia wowote, hata wa mdomo, hata barua? Kuna watoto wengine? Nani ana hasira? Hilo la mwisho liliniacha hoi. Nani ana hasira. Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, akasema shemeji yangu.

Thamani ya mali aliuliza mwishoni kabisa, na alisema anaiuliza kwa ajili ya makaratasi ya mahakama, bei yake haitegemei hiyo.

Ndipo akatueleza kwanini anauliza habari za ndoa na mila, na hapa naomba msome vizuri kwa sababu watu wengi sana wanaliwa hapa. Mahakama ya Mwanzo inapokea mirathi ambayo sheria inayotumika ni ya mila au ya Kiislamu, na marehemu awe alikuwa na makazi ndani ya eneo la hiyo mahakama. Mkristo aliyefunga ndoa kanisani na kuishi mjini maisha yake yote, mirathi yake mara nyingi inaangukia sheria ile nyingine ya usimamizi wa mirathi, Sura ya 352, ambayo inaanzia mahakama za juu ya ile ya Mwanzo. Siyo kwamba ukiwa Mkristo moja kwa moja Mahakama ya Mwanzo hapana, wanaangalia mtu aliishije, kuna Mkristo kwa jina ila maisha yake yote ni ya kimila. Ila kwa baba yenu, akasema, "Nikiwapeleka kule leo mtapata karatasi mapema na mtaniona wakili hodari. Kesho kutwa atokee mmoja amenuna, apande Mahakama Kuu, iseme ile mahakama haikuwa na mamlaka, inafutwa yote. Mnaanza moja, na nyumba mmeshauza, na aliyenunua naye analia."

Kwahiyo yule wa mjini alikuwa anatupeleka huko huko, kwa asilimia 10.

Kingine ambacho sikuwahi kukisikia: kwa familia kama yetu isiyo ya mila wala ya Kiislamu, mgawanyo bado unafuata sheria ya India ya mwaka 1865. Elfu moja mia nane sitini na tano! Waingereza waliileta na mpaka leo ipo. Mjane theluthi moja, watoto theluthi mbili. Mama alisikiliza akasema, "Kwahiyo Wahindi wa zamani wamenikumbuka kuliko ukoo wa mume wangu." Kule kwenye sheria ya mila iliyoandikwa 1963 mjane hali yake ni mbaya, na kwa Waislamu mjane mwenye watoto anapata thumni, yaani moja ya nane, sasa kila familia na njia yake, ndo maana mtu anayekupa jibu kabla hajakuuliza dini na ndoa anabahatisha.

Halafu akachukua cheti cha kifo, hati ya nyumba, kadi ya benki na kitambulisho cha NIDA cha mzee akavipanga mezani kama karata. Majina manne tofauti. Hati ina herufi mbili za mwanzo na jina la ukoo, cheti cha kifo kina majina matatu, benki moja wameweka jina la ubatizo mbele, nyingine wamelitupa kabisa. Yule wa mjini alikaa na karatasi hizi hizi miezi miwili. Huyu dakika moja. Akasema kabla ya kwenda popote tunaandaa kiapo kwamba majina yote haya ni ya mtu mmoja, la sivyo mtafika benki na karatasi ya mahakama mrudishwe.

Kuhusu mdogo wetu hakuuliza cheti. Alimuuliza mama, taratibu, kama anamjua. Mama akanyamaza muda mrefu akasema namjua, ana masikio ya baba yake. Wakili akasema basi anaandikwa. Akaeleza kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake, na hata tukiamua kumficha, siku akijitokeza ni sisi tulioapa uongo mahakamani. "Mimi siandiki kiapo ambacho najua kina pengo," alisema hivyo na akatupa nafasi ya kuondoka kama hatutaki. Nilimwangalia mama. Mama akasema andika mwanangu.

Bei: milioni 2 na laki 8, awamu tatu. Milioni kufungua, milioni siku barua ya usimamizi inatoka, laki 8 hesabu za mwisho zikishaingia mahakamani. Imeandikwa kwenye mkataba, kwa Kiswahili, kurasa mbili, mama kasoma mwenyewe na miwani yake. Ada za mahakama hazimo, ila hizo hakuzishika kabisa, alikuwa anatutumia kontroo namba kwa wasap tunalipa wenyewe kwenye simu. Kidogo hiki lakini kwangu kilikuwa kikubwa, maana mtu akikwambia "nitumie laki na nusu ya mahakama" utajuaje kama mahakama imepata laki na nusu.

Alitupa pia njia ya kutomtumia. Alisema RITA pale, ule wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, Kabidhi Wasii Mkuu anaweza kusimamia mirathi kama familia haielewani au haina mtu wa kuaminika, na mnaweza pia kufungua wenyewe bila wakili, sheria haikatazi, ila kwa mirathi yenye hati na majina yaliyovurugika mtasumbuka. Vya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, alisema nendeni wenyewe, wategemezi wana utaratibu na fomu zao kule, msinilipe kwa hilo. Tulienda, ikawa hivyo hivyo.

Sasa baba mdogo. Kikao cha ukoo kilifanyika Gonja, yeye mwenyekiti, na kabla watu hawajamaliza chai akajipendekeza mwenyewe awe msimamizi, kwa mila zetu, mdogo wa marehemu ndiye anayesimama. Kuna watu wanaamini mpaka leo kwamba msimamizi ndo mrithi mkuu, kwamba ukishapata ile karatasi mali ni yako wengine wanakuomba. Nikampigia wakili nikiwa nje kwenye migomba, nikijua hatapokea (huwa hapokei, nitafika huko), siku hiyo akapokea. Akasema mpe mzee simu.

Waliongea dakika kama 40. Nilikuwa nasikia upande mmoja tu mpaka baba mdogo akaweka spika ili ukoo wote usikie anavyomkomesha. "Binti, wewe ndo unatufundisha mila zetu?" Akajibiwa, "Hapana mzee wangu, shikamoo tena, mimi kwenye mila ndo nafundishwa. Nakueleza tu ya mahakamani ili baadaye usije ukasema sikukwambia." Na akaeleza bila haraka. Msimamizi anaapa. Msimamizi anasaini dhamana, na anatafuta wadhamini wawili wenye uwezo watakaosaini naye. Ndani ya miezi sita analeta orodha ya kila kitu, ndani ya mwaka analeta hesabu, kilichoingia, kilichotoka, nani kapewa nini. Akipoteza mali kwa uzembe au kuifuja analipa kutoka mfukoni mwake. Akidanganya kwenye orodha ni kosa la jinai. "Kwahiyo mzee ukikubali, nitumie majina ya wadhamini wako wawili wiki hii nianze kuandika."

Kimya. Jogoo mmoja tu ndo alikuwa anaongea. Halafu baba mdogo akasema kwa kweli yeye afya yake siyo ya kwenda Dar mara kwa mara, na kikao kikapendekeza mama na mimi kwa pamoja. Muhtasari ukaandikwa, wote wakasaini, na shamba la Gonja tukakubaliana liandikwe kwenye orodha jinsi lilivyo, kwamba ni sehemu ya ardhi ya ukoo, hakuna anayeuza. Wakili baadaye aliniambia huo muhtasari siyo sharti la sheria kihivyo, wanachotaka zaidi ni ridhaa za warithi wote zilizosainiwa, ila ukiwa nao unazuia maneno.

Ridhaa ndo zilizotuchelewesha. Dada yangu yuko Muscat anafanya kazi, hawezi kuja, ikabidi ridhaa yake iandaliwe huku, itumwe kwa imeili, akasaini kwenye ubalozi wetu kule, halisi ikaja na mtu aliyekuwa anarudi. Kama mna ndugu nje anzeni na huyo kwanza, sisi tulianza naye mwisho na hilo ni kosa letu, wakili alisema tangu mwanzo tukaona siyo la haraka.

Kesi ilifunguliwa kwenye kile Kituo Jumuishi cha Temeke, kilichoanza 2021 kwa ajili ya mambo ya familia, mirathi, ndoa, watoto. Pale ngazi zote za mahakama ziko jengo moja, kuanzia ya Mwanzo mpaka Mahakama Kuu, na huduma nyingine ziko mle mle. Kwa mtu aliyetoka kuzunguka ofisi za mjini miezi sita ilikuwa nafuu. Tukaweka tangazo gazetini, tukasubiri mwenye pingamizi ajitokeze, hakujitokeza, tukaingia mbele ya jaji na wadhamini wetu, mjomba na jirani wa Tabata. Mama alikuwa na hofu kwamba wataongea Kiingereza. Tangu sheria ibadilishwe 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama, na jaji alimuuliza mama kwa Kiswahili, taratibu, kama anaelewa kazi anayoiomba. Mama akajibu ndiyo mheshimiwa, nimeshaifanya miaka 38 bila karatasi. Hata karani alicheka.

Barua ya usimamizi ilitoka Februari 2024. Kutoka siku tuliyomwona Septemba ni kama miezi mitano, na mwezi mzima humo ni wetu wa kufukuzia saini ya Muscat.

Baada ya hapo alifanya kitu ambacho nadhani wengi hawafanyi, alitupa daftari. Kaunta buku la kawaida, kachora mistari kwa rula, tarehe, kilichoingia, kilichotoka, risiti namba ngapi. Kila hela ya mirathi iingie humu, hata ya fundi wa pikapu. Tukafungua akaunti ya mirathi kwa majina yetu kama wasimamizi, hela za akaunti mbili za mzee zikahamia huko, pikapu tukaiuza, tukaandika. Wakati wa kupeleka hesabu mahakamani ilikuwa ni kunakili tu. Rafiki yangu ambaye mirathi yao ilisimamiwa na kaka yao bila daftari, mpaka leo wanadaiwa hesabu, na kaka mwenyewe hakumbuki, yaani siyo mwizi, hakumbuki tu.

Fungu la mdogo wetu tulishauriwa tusimkabidhi mtu mkononi kwa sababu hajafika miaka 18, limewekwa kwenye akaunti yake kwa utaratibu ulioridhiwa na mahakama, ada za shule zinatoka humo.

Sasa mabaya, maana yapo.

Simu hapokei. Ile ya Gonja ilikuwa bahati. Anajibu kwa sauti za wasap saa tano usiku, dakika sita, saba, na katikati unasikia anamwambia mtu zima jiko. Mambo ya maana yamo humo humo, huwezi kuruka, nilikuwa nasikiliza na kalamu.

Karani wake, kijana mpole sana, hajui chochote. Ukimuuliza faili limefika wapi anasema "liko vizuri". Liko vizuri wapi kaka?

Na kwa ujanja wake wote wa majina, wao wenyewe walikosea jina la mama kwenye kiapo kimoja, herufi moja, R ikawa L, kikarudi, tukaapa upya, wiki mbili zimeondoka. Alirekebisha bila kutuchaji na aliomba radhi kwa mama kwa heshima, ila wiki mbili ni wiki mbili.

Ile nyota niliyomnyima ni hii. Mimi nilielewa milioni 2 na laki 8 inatufikisha mpaka nyumba ina jina jipya. Kumbe inaishia hesabu. Kwenda Ardhi kubadilisha hati, kwanza iandikwe kwa wasimamizi halafu itoke kwenda kwa warithi, hiyo ni kazi nyingine na laki 4 nyingine. Nikarudi kwenye mkataba, kweli haipo, sikusoma vizuri, lakini yeye alijua kabisa tunachowaza na angesema siku ya kwanza, mbona alisema mambo mengine yote. Nilimwambia hivyo hivyo. Akakubali, akashusha ikawa laki 2 na nusu. Nyota sijairudisha. Ukienda kwake, au kwa wakili yeyote, muulize kazi yako inaishia wapi, na VAT imo au haimo.

Kiwanja cha Kibaha bado. Kwa karatasi ile ya mauziano jirani mmoja anasema mpaka wake unapita kwetu, na hilo siyo la mirathi tena ni la ardhi, wakili kasema wazi siyo eneo lake na katupa jina la mwenzake. Hesabu za mwisho ziliingia Februari 2025, ndani ya mwaka, baba mdogo alipata nakala yake na akanipigia kuuliza ile elfu 15 ya "chai ya fundi" ni ya nini. Nikamsomea kwenye daftari.

Kama una mzazi mzee unampeleka Magomeni, zile ngazi ni nyembamba na giza, piga simu kwa yule karani kabla hujafika (yeye anapokea, hilo analiweza). Siku ya kusaini karatasi za mwisho magoti ya mama yalikataa ghorofa ya pili. Wakili alishuka na faili lake na muhuri, akakaa na mama kwenye bajaji mbele ya duka la vipodozi, akamsomea kila ukurasa kabla hajasaini, dereva akawa anatuchaji kwa kusubiri.